Ndugu Niliyempata Nshamba

Najua utacheka. Cheka tu, hata Baba Koku alicheka, na yeye ni mume wangu. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, akili timamu, sijaonja hata tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kama naongopa, goti hili linigeuke.

Mimi ni mama wa Hamugembe, nauza vitenge sokoni, na ugonjwa wangu ni mbio. Kila mwaka nakimbia nusu marathoni kutoka Kemondo hadi Bukoba mjini, na kila mwaka nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: kumaliza chini ya saa mbili. Nakosa. Tena nakosa kwa dakika chache za kuudhi. Sokoni wakanibatiza jina, Mama Bado Kidogo. Nikipita tu, "Mama Bado Kidogo, habari za saa mbili?" Nacheka nao, lakini moyoni inaniuma. Mwaka ule iliniuma zaidi, maana daktari alilishika goti langu la kulia, akalikunja, likalia kama mlango wa stoo. Akasema, "Mama, hapa imebaki mbio moja ndefu. Ukiimaliza, tundika daluga."

Basi nikaenda nyumbani kwa wazazi, Nshamba, nikajinoe kwenye vilima. Alfajiri nikatoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, huoni hata nyumba ya jirani. Sijafika mbali, nikateleza kwenye changarawe, puu! Kiganja kikachanika, goti likagoma. Nikakaa palepale chini nikalia kama mtoto. Unadhani nililia kiganja? Nililia zile saa mbili zangu.

"Pole, bojo," mtu akanibembeleza kwa Kihaya.

Nikainua kichwa. Mbele yangu amesimama mwanamume mwembamba, pekupeku, amejifunga lubugo, lile vazi la gome la mti ambalo siku hizi tunaliona kwa wacheza ngoma tu. Nikajua huyu katoka kwenye harusi ya mtu. Wewe ungewaza nini?

Akaniuliza, "Unampelekea nani ujumbe?"

"Ujumbe gani? Nakimbia nipunguze muda wangu."

Alicheka huyo mtu! Alicheka mpaka akashika magoti. "Mtu mzima anakimbia mikono mitupu! Mimi nimekimbia njia hii chini ya wafalme watatu, hilo sijaliona."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, sivyo? Wafalme watatu! Lakini cheko lake lilikuwa la kuambukiza, na mimi nikajikuta nacheka na machozi yangu usoni. Akafungua kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ile anayopewa kila mgeni kabla hajaulizwa shida yake. Akalipasua tunda moja, zikatoka punje zake mbili. Kidole chake kilikuwa kinatoka damu, nikadhani ni miba. Akaziweka zote mbili kwenye kiganja changu, kilekile kilichochanika, akachukua moja akatafuna. Kisha akanitazama, anasubiri. Ningekataa? Mhaya akikupa kahawa ukaikataa, umemtukana yeye na ukoo wake. Nikatafuna.

"Haya," akasema, "inuka twende."

Niamini, niliinuka goti halina habari. Tukapanda kilima kile kinachonitoa ulimi kila siku, mimi napiga soga! Ananisimulia mfalme mmoja aliyekuwa akisinzia kabla ujumbe haujaisha, nami nacheka mpaka mbavu zinauma. Tulipokaribia kwetu ndipo nikasikiliza vizuri. Viatu vyangu, pa, pa, pa. Miguu yake, kimya. Nikatazama majani alikopita, umande haujaguswa. Nikageuka nimkaribishe chai, maana adabu ni adabu. Barabara tupu.

Hapo sasa nilikimbia! Laiti kungekuwa na mtu wa kunipimia muda.

Baba yangu ni katekista mstaafu, na asubuhi hapendi kelele. Nilipomsimulia, alikishika kiganja changu, akakitazama, akaweka kikombe chini.

"Punje za tunda moja? Damu yako na damu yake?"

"Ndiyo, Tata."

"Mawe! Mama yangu! Mtoto wewe, umekula omukago!"

Nililijua neno, lakini katika bumbuazi langu halikunijia kabisa. Zamani watu wawili wasio ndugu walikuwa wakitafuna kahawa hivyohivyo, kila mmoja na damu ya mwenzake, na kuanzia hapo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Hamtupani, hamnyimani, na undugu wenyewe hauvunjiki. Mimi nimeula na marehemu, barabarani, nikiwa nimevaa kaptula! Baba akafanya ishara ya msalaba. Kisha, huwezi kuamini, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mjumbe wa mfalme," akasema. "Nawahurumia wenzako wa Kemondo."

Siku ya mbio nilianza vizuri, lakini tulipopita Kyetema goti likaanza nyimbo zake. Watu wananipita. Nikajiambia, mama, ndiyo imekwisha hiyo, na hakuna nyingine. Nikaona aibu, nikasema kwa sauti ndogo, "Ndugu yangu, utaniacha hivi?"

Ikaja harufu ya akamwani. Kisha kiganja mgongoni, pale katikati, kinanisukuma taratibu kama unavyomsukuma mtoto anayejifunza baiskeli. Nikaanza kuruka! Bibi mmoja aliyekuwa kando ya barabara na kikapu cha senene akaniangalia, akaangalia ubavuni kwangu, akapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Karibuni waitu," akasema, kwa heshima wanayopewa wakubwa, "karibuni nyote wawili." Wakimbiaji waliokuwa nyuma yangu wanauliza, wawili gani?

Mteremko wa kuingia mjini niliushuka nikicheka kwa sauti, watu wakadhani jua limenipiga. Nikavuka mstari. Nikatazama saa. Nilikuwa chini ya saa mbili, na muda wa kunywa chai umebaki! Nilipiga vigelegele mimi mwenyewe, sikumsubiri mtu. Baba Koku alilia mbele za watu, na sasa anakana.

Kuhusu daluga, sahau. Daktari amelikunja goti tena, limenyamaza, yeye anakuna kichwa. Na ndugu yangu hataki kusikia habari za kustaafu. Kila alfajiri, mvua inyeshe, isinyeshe, anagonga dirisha, na harufu ya kahawa inajaa chumba kizima. Nikipika ebitoke, ndizi zetu, namtengea sahani. Asubuhi naikuta nyeupe.

Nilidhani mambo yataishia kwangu. Jana nimemkuta binti yangu Koku, ambaye hata kwenda dukani anataka bodaboda, amekaa mlangoni anafunga kamba za viatu vyangu.

"Unakwenda wapi saa hizi?"

"Mama, mjomba ananisubiri nje."

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Ukiwa na kidonda mkononi, usipokee kahawa ya mtu usiyemjua katika ukungu wa Nshamba. Na ukishindwa kukataa, maana najua utashindwa, basi nunua viatu vya nyumba nzima.