Mkasi wa Katibu

"Mwenzangu, kitabu hiki nikisome au nikiache?"

Jirani alimuuliza hivyo Mama Miwani akiwa amesimama mlangoni, mtoto kiunoni. Jirani huyo alikuwa amerudi kwa mama yake miezi miwili iliyopita, akikimbia ngumi za mume. Sasa mume amemletea kijitabu cha mafundisho ya ndoa na ujumbe: soma, kisha urudi nyumbani.

Mama Miwani alizima cherehani. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule, na yeye mwenyewe shule iliishia darasa la saba. Lakini kwenye jarida la kanisa alikuwa na kona yake ya kupima vitabu na michezo ya kuigiza, na akina mama waliigombania. Aliwaandikia wale wanaosoma kwa kufuata mstari kwa kidole. Sentensi fupi, jambo moja moja. Vijana wa kanisa walipoigiza mchezo wa mfalme, aliandika kwamba mfalme alilazimika kufa mara mbili, maana mara ya kwanza hakuna aliyemsikia. Waliosoma wote walicheka, hata kijana aliyeigiza mfalme.

"Nipe mpaka Jumapili," alisema. "Nitaandika, utasoma."

"Ukisema wewe, kwangu imetosha."

Akakisoma mara tatu. Aliyekitunga alikuwa mwinjilisti, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Na Mama Miwani alilelewa kwamba huingii nyumbani kwa mtu na lawama mdomoni; kwanza unabisha hodi. Basi akatanguliza salamu. Akasifu herufi kubwa, akasifu sala za kila sura, akasema kina mafundisho mazuri kwa mke anayeipenda nyumba yake. Mwisho kabisa, baada ya kuomba Mungu ampe ujasiri, akaandika:

"Lakini kwenye ukurasa wa kumi na tisa kinasema mke akipigwa anyamaze, azidishe upole. Hapo shemeji amekosea. Dada uliye salama kwa mama yako, kitabu hiki kisikutoe hapo."

Akapeleka karatasi kwa katibu wa kanisa, aliyelipanga jarida, kisha akasafiri kwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua.

Jarida lilikuwa karatasi moja iliyokunjwa. Habari ikizidi, katibu alikata kwa mkasi kutoka chini, akabandika kilichobaki. Alifanya hivyo miaka yote, na Mama Miwani alijua. Ila kona yake haikuwahi kuwa ndefu, kwa hiyo mkasi ulikuwa haujawahi kumgusa.

Aliporudi baada ya wiki tatu alimkuta jirani kwa mama yake, mkono umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni, mdomo umevimba.

"Nani amekurudisha kule?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Uliandika kina mafundisho mazuri kwa mke anayeipenda nyumba yake. Nikafunga mzigo. Siku ananipiga nikanyamaza, nikazidisha upole, kama kilivyosema."

"Mwisho hukusoma? Pale chini?"

"Chini palikuwa na tangazo la kuleta mafagio ya kusafishia kanisa."

Mama Miwani aliketi kizingitini. Alitaka kumshika mkono ule mzima, jirani akauvuta. Tangu siku hiyo jirani hakumuuliza tena neno lolote, hata bei ya uzi.

Kesho yake Mama Miwani alikwenda ofisini. Katibu, Mungu amsamehe, alimpokea kwa kicheko.

"Mama, umekuja kunigombeza kwa vile vimistari vitatu? Yale mazuri yote si nimeyaacha? Hata mwinjilisti amefurahi, anakusalimu."

"Ulivisoma kabla ya kukata?"

"Nisome saa ngapi, mama? Mafagio yalikuwa yananisubiri."

Mama Miwani alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini njiani alikuwa ameanza kuuona mkono wake mwenyewe ndani ya ule mkasi: yeye ndiye aliyeiweka hodi juu na hatari chini. Akatoa mkobani karatasi mpya. Mstari wa kwanza kabisa ulianza na ukurasa wa kumi na tisa. Salamu kwa shemeji zilikuwa mwishoni, nusu mstari.

Akaiweka mezani, akausogeza mkasi kando.

"Mwanangu," alisema, "nakuomba jambo moja. Nafasi ikikosekana, kata salamu."