Miguu Iliyotangulia

Nianze na aibu yenyewe: nilimkojolea babu yangu mgongoni, mchana kweupe, ukoo mzima ukitazama. Na hapo nilikuwa namtibu.

Kwetu Goweko, enzi za Mwingereza, mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu ilisemekana akikukanyaga mgongo, maumivu yanakimbia. Mimi nilitoka hivyo. Kichwa kilikuja nyuma, na shuleni kikaendelea kubaki nyuma mpaka nikaishia darasa la pili.

Aliyegundua nguvu zangu ni shangazi. Alijilaza kifudifudi uani, kiuno kinamuuma kwa kupalilia. Nikamkanyaga kwa utundu tu, mgongo ukalia ko! Akainuka na vigelegele. Tangu hapo, mimi mtoto wa kike nikawa napewa firigisi, nyama ya baba. Baba akawa anatafuna shingo huku ananitazama kwa jicho baya. Majirani wakaleta migongo yao, nami nikaringa hata maji siendi kuchota.

Halafu babu akashindwa kusimama. Babu huyo huyo aliyebeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo ujanani. Baba akataka kumpandisha treni, ampeleke hospitali Tabora mjini. Shangazi akang'aka, "Dawa tunayo humu ndani, unaifuata kwa Wazungu?"

Basi nikamkanyaga asubuhi na jioni, na yeye hainuki.

"Kanyaga, mke wangu," alikuwa akinitania, kama mababu wanavyotania wajukuu. "Mumeo akipona utavaa kanga mpya."

Siku hiyo ya aibu watu walijaa. Nikakanyaga kwa nguvu zote, maana kanga sikuitaka, nilitaka asimame. Woga ukanibana, mkojo ukanitoka, ukamtiririka kiunoni mpaka mapajani. Watu wakavunjika mbavu.

"Mganga kaongeza maji ya dawa!" shangazi akapiga kelele.

Babu akageuza shingo. "Mnacheka nini?"

"Mkeo kakukojolea!"

"Wapi?"

Kicheko kikakatika. Baba akachuchumaa, akamfinya paja. Akafinya tena, kwa kucha.

"Unasikia, baba?"

"Nisikie nini?"

Baba hakumuuliza mtu ruhusa, alimpeleka kwa treni iliyofuata. Daktari akasema mfupa wa mgongo umeoza siku nyingi, na kwamba afadhali angewahishwa. Babu alirudishwa akiwa amelala vile vile, akafa kabla ya mvua. Shangazi hakuniita tena mganga. Kwa kweli hakuniita kabisa.

Baada ya mazishi nilikaa nyuma ya ghala la mahindi, miguu nimeifukia mchangani isionekane. Rafiki yangu, binti wa jirani, akaja akakaa pembeni yangu. Akageuka kutazama kama kuna mtu, kisha akaninong'oneza:

"Hata mimi nilitanguliza miguu. Mama alimsihi mkunga anyamaze. Usimwambie mtu, nisije nikaletewa wazee."