Lota ya Hiraba

Dinkarrai Majmudar alikuwa mzaliwa wa Bordi Pol kwa miaka yote ya utoto wake, kisha akawa mzaliwa wa mahali pengine, kisha, nywele zilipomwisha kichwani, akawa tena mzaliwa wa Bordi Pol, na safari hii kwa kelele zaidi.

Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka langoni, maana pol ni uchochoro wa nyumba zilizobanana, wenye lango lake. Ilikuwa nyumba nyembamba ya mbao na matofali, imebanwa na jirani zake kushoto na kulia kama watu walio kwenye foleni ya mafuta ya taa. Baba yake alikuwa karani wa kiwanda cha nguo. Siku hizo uchochoro mzima ulimwita Diniyo. Hakuna mlango alioubisha, maana milango ilikuwa wazi, na msimu wa tiara alikuwa akitoka nyumbani kwa kupitia paa na kurudi kwa kupitia paa la mwingine, akiwa ameshakula kwa watu wawili njiani.

Kisha akaoa. Mkewe, Ketaki, alitoka ng'ambo ya mto, kwenye nyumba zenye bustani. Bibi harusi aliingia Bordi Pol, akamtazama ng'ombe aliyelala katikati ya njia, akaitazama ngazi iliyosimama wima na kamba yake ya kujishikia, akauliza choo kiko wapi. Akaambiwa. Mwaka haukuisha wakawa wamehamia fleti ng'ambo ya mto, orofa ya tano, yenye lifti na mlinzi wa kupiga saluti.

Huko Dinkarrai akauza bima. Mteja akimuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Karibu na daraja," bila kusema upande gani. Baba yake alipofariki aliiuza nyumba kabla majivu hayajapoa. Mbao za nakshi alimpa mnunuzi wa vitu vya kale, zikaondoka zimelala juu ya mkokoteni kama majeruhi. Naye akajinunulia kabati la kioo la kuwekea vikombe visivyonywewa. Aliyenunua nyumba aliibomoa, akasimamisha boksi la saruji lenye mlango wa bati wa kukunja. Dinkarrai hakwenda kulitazama. Alikuwa na shughuli.

Miaka ikapita, dunia ikagundua kwamba mji wa kale ni wa kale. Wakaja watu wenye kofia na kamera, wakawa wanapapasa nguzo ambazo wajukuu wa wenyewe walikuwa wakizipigilia misumari ya kuanikia nguo. Vikaanza vibao vya "makazi ya urithi". Wasanifu wa majengo waliozaliwa kwenye mashine za kupoza hewa wakanunua nyumba za pol, wakapiga picha wamekaa juu ya bembea, mguu mmoja umekunjwa, kama waliozaliwa humo.

Dinkarrai, aliyekwisha kustaafu, alikuwa mwanachama wa klabu ya kucheka. Hao ni watu wazima wanaokusanyika bustanini alfajiri kucheka kwa pamoja bila sababu, kwa kuwa majumbani mwao sababu zimekwisha. Asubuhi moja mke wa profesa alieleza kwamba dada yake amenunua nyumba ya pol, yenye bembea ya mti wa msaji, na wote wakashusha pumzi kwa husuda. Dinkarrai akajikuta anasema, "Mimi ni mtoto wa pol."

Wakamzunguka. Mtu aliyeuza bima maisha yake yote hajazoea watu kumsogelea. Amezoea kuona visogo. Akawasimulia paa, tiara, baraza za mawe mbele ya kila nyumba. Akasimulia birika lililochimbwa chini ya ua, linalokinga mvua ya mwaka mzima, na maji yake matamu kuliko ya mto wowote. Alisimulia hadi chai ikapoa. Tangu siku hiyo hakusema tena "karibu na daraja". Akawa anasema "sisi watu wa pol", na siku moja mke wa profesa akamuuliza swali lililomkaba: "Sasa nyumba yako iko wapi, tuje tuione?"

Ndipo aliposikia kwamba Hiraba anauza.

Nyumba ya Hiraba ilikuwa mwisho wa uchochoro, nayo ndiyo iliyobaki nzima kuliko zote, na nguzo zake, bembea yake yenye minyororo ya shaba, na birika lake. Hiraba alikuwa mjane, magoti yamemchoka, binti yake anamwita ng'ambo ya mto. Wanunuzi walikuwa wawili. Mmoja Dinkarrai. Mwingine Velji, muuza maua ya plastiki, aliyekwisha kununua nyumba tatu za uchochoro ule na kuzijaza maboksi hadi kwenye dari.

Wazee wa pol walimtaka Dinkarrai. Si kwa mapenzi. Natubhai, tarishi mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya uchochoro, alilieleza jambo lenyewe waziwazi pale barazani.

"Diniyo ni bwege, tunamjua tangu akiwa hana suruali. Lakini atalala humu. Jioni ataona giza, atawasha taa. Velji atatuwashia nini? Boksi haliwashi taa."

"Na mimi nipo nakusikia," alisema Velji kutoka baraza ya pili, anakula ganthia zake, vile vitafunio vya unga wa dengu.

"Nimesema usikie, bwana."

Hiraba naye aliafiki. Kilichobaki ni maji tu. Nyumba ya pol haiuzwi kwa karatasi peke yake. Karatasi ni za serikali. Muuzaji huteka maji ya birika kwa lota, kile kichombo cha shaba chenye shingo fupi, akampa mnunuzi mbele ya wazee. Mnunuzi hunywa kwanza, kisha wazee mmoja mmoja kwa lota ileile, na neno likishapita kooni kwa wote halirudi. Kwa hiyo lota hainyweki kwa mdomo. Inainuliwa juu ya uso, maji yanashuka kama uzi, koo linapokea, na mdomo hauigusi shaba. Mtoto wa pol aliyajua hayo kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Lota iliyoguswa na mdomo wa mtu ni ya mtu huyo; mwingine hainywi mpaka isuguliwe.

Jumapili ikafika. Dinkarrai akaja na nguo nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Akaja na Ketaki, aliyebeba mkoba wenye chupa za maji. Na kwa kuwa heshima isiyoonwa na watu alikuwa haioni heshima, akaja na klabu nzima ya kucheka, simu mkononi, wameambiwa watazame jinsi mtoto wa pol anavyopokewa kwao.

"Hawa ni akina nani?" Hiraba aliuliza.

"Rafiki zangu, mama. Wamekuja kuona desturi zetu."

"Desturi gani? Tunakunywa maji."

Akajishika ukuta, akafunua kifuniko cha birika, akateka mwenyewe. Lota ilitoka inang'aa, imelowa nje. Wazee walikaa barazani kwa safu. Velji hakualikwa, lakini baraza ya jirani ni ya jirani, naye alikaa hapo na karatasi yake ya ganthia.

Dinkarrai akaipokea lota kwa mikono miwili, akawageukia wenye simu. "Haya ndiyo maziwa yaliyonilea," alisema.

Akainua. Mkono ukakumbuka nusu, koo halikukumbuka chochote. Kwa miaka yote ile alikuwa amekunywa kwa glasi, kwa kikombe, kwa mrija. Maji yalipoanza kushuka yalimwingia puani, akashtuka, na kama mtoto anayeteleza anavyoshika kilicho karibu, midomo yake ikaikamata shingo ya lota na kuing'ang'ania. Akanywa hivyo mafunda mawili, macho amefumba. Alipoishusha, masharubu yake yalikuwa yamelowa na ukingo wa shaba ulikuwa na ukungu wa pumzi yake.

Klabu ikapiga makofi. Barazani hakuna aliyesogeza hata kidole.

"Umegusa," Hiraba alisema.

Alisema kwa upole kabisa. Alikuwa amekwisha nyoosha mkono. "Lete. Kuna ukwaju na majivu hapo jikoni, nitaisugua sasa hivi, uanze upya. Mkono umesahau, si kosa."

Hapo nyumba ilikuwa bado mikononi mwa Dinkarrai. Ilikuwa inamtaka aseme neno moja tu, ndiyo, nimegusa, na wazee wangemcheka hadi jioni, wangemwita Diniyo hadi afe, na angekufa humo ndani. Lakini mke wa profesa alikuwa amesimama pale ameinua simu.

"Sikugusa, mama," Dinkarrai alisema.

"Umegusa, mwanangu."

"Ni mwanga tu. Mimi ni mtoto wa pol, nitagusaje?"

Ketaki akatoa chupa mkobani. "Mnywe haya basi, kila mtu na yake, safi kabisa." Hakuna aliyemtazama.

Natubhai alikohoa. Alimtaka Dinkarrai kuliko wote, si kwa ajili ya Dinkarrai bali kwa ajili ya ile taa ya jioni. "Macho yangu mabovu," alisema. "Mimi sikuona kitu."

"Vizuri," Hiraba alisema. "Kama hakugusa, kunywa, ni zamu yako."

Akampa lota. Natubhai akaitazama. Pembeni mwa ukingo ulikuwa umenata unywele mmoja wa masharubu, mweusi kwa rangi ya dukani na mweupe kwenye shina. Akaiinua hadi kifuani, akaishusha. Akaiinua tena. Halafu akaiweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye goti.

"Leo tumbo langu haliko sawa," alisema.

Mzee wa pili tumbo lake pia halikuwa sawa. Wa tatu alikumbuka kwamba amefunga.

"Mnanifanyia haya mimi?" alisema Dinkarrai. "Mimi niliyezaliwa hapo, nyumba ya tatu?"

"Nyumba ya tatu ni stoo," alisema Velji, kinywa kimejaa. "Ya kwangu. Nilinunua kwa yule uliyemuuzia."

Hiraba alikuwa amekwisha kaa chini na majivu. Aliisugua lota ndani na nje, sauti ilikuwa ya ukwaju kwenye shaba tu. Akaisuuza, akateka upya, akasimama kwa shida.

"Velji. Una kiu?"

Velji akakunja karatasi yake, akafuta vidole. Hakutazama kamera. Akainua lota mbali na uso wake, akaimimina kama mtu anayemwagilia mche, uzi wa maji ukashuka bila kukatika, koo likapanda na kushuka, na baraza haikupata hata tone. Akampa Natubhai. Natubhai akanywa na uso wa mtu anayemeza mafuta ya mbarika. Wote wakanywa. Matumbo yote yalikuwa yamepona.

Klabu ya kucheka iliondoka bila kucheka.

Hiraba akahamia kwa bintiye, orofa ya sita. Waliotegemea atalilia birika lake walisubiri sana. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupanda lifti hadi juu na kushuka hadi chini, bila kwenda popote. Wakimuuliza juu ya nyumba ya zamani anasema ngazi zilikuwa mbaya. Wanaoililia pol kwa machozi makubwa ni wale walioikimbia na miguu yao ingali mizima.

Na Dinkarrai alikuwa wa kwanza kati yao. Alinunua lota kwenye duka la mapambo, akaanza kujifunza jikoni, juu ya sinki. Alilowa kifua, alilowa masharubu, alipaliwa hadi Ketaki akaita daktari. Klabuni hakurudi. Alikuwa na wazo moja tu kichwani, kwamba Velji ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara huuza. Siku moja atauza, na siku hiyo maji yatamwagika kooni mwa Dinkarrai mbele ya baraza nzima, na mdomo wake utakuwa umekaa mbali na shaba kama mdomo wa mtu asiyejali. Mvua ilipokwisha, mkono ulikuwa umekumbuka.

Akaenda Bordi Pol, safari hii peke yake, na nguo ya kawaida. Lango lilikuwa limefungwa nusu na mkokoteni. Baraza hazikuwa na mtu. Natubhai alikuwa anaugulia kwa mwanawe, na baraza yake ilikuwa imepangwa maboksi. Mwisho wa uchochoro mlango wa Hiraba ulikuwa umeondolewa ili mizigo ipite. Velji alikuwa amekaa juu ya bembea, anahesabu mashada ya waridi za plastiki.

"Karibu, bwana Dinkarrai. Unatafuta nini?"

"Nimepita tu. Nina kiu. Naomba maji ya birika."

Velji akamtazama, akautazama ua. Pale palipokuwa na kifuniko palikuwa na saruji mpya, ya kijivu, na alama za viatu vya vibarua.

"Tulilijaza vifusi. Lilikuwa linatoa unyevu, maboksi yanaoza chini." Akainama, akatoa chupa kwenye boksi, ya dukani, ingali na lakiri yake. "Kunywa hii. Baridi."

Dinkarrai akaifungua. Akasimama katikati ya ua, akarudisha kichwa nyuma, akainua chupa juu kabisa, mkono umenyooka. Maji yakashuka kama uzi, moja kwa moja, hadi chupa ikaisha, na halikudondoka tone.

Velji aliinua macho kutoka kwenye waridi zake.

"Kunywa kwa mdomo tu, bwana," alisema. "Hiyo chupa ni yako peke yako."