Kukuziwa wa Bwawa la Gitothua

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka mpaka leo, siku niliyoaibika kwenye bwawa la shamba la kahawa kule Gitothua. Nilikuwa kijana natafuta kazi ya kuwaonyesha wageni ndege. Kazi hiyo ndiyo ingenitoa katika chumba tulichobanana na ndugu zangu wanne kwenye mtaa wa mabanda wa Kiandutu.

Nilikuwa nimesoma sana juu ya kukuziwa wa kisiwa kimoja cha mbali, ndege adimu. Nikamweleza msimamizi wa shamba, aliyekuwa akiajiri, kwa mbwembwe zote. Akasikiliza, kisha akaonyesha kukuziwa wetu, yule mweusi wa mdomo mwekundu, akiogelea kando ya matete.

"Sasa huyo wa kisiwani anatofautiana aje na huyu?"

Nikarudia habari za kisiwani. Huyu wetu nilimwona kila siku, kwa hivyo sikuwahi kumtazama. Msimamizi akaniambia nirudi baada ya wiki mbili.

Cucu Wanjiru, bibi mzee aliyekuwa akikata nyasi ya ng'ombe ukingoni, alisikia yote. "Kijana, unajua wa ng'ambo na wa hapa mlangoni humjui? Kesho kuja na panga."

Nilikwenda nimenuna, nakiri. Akanionyesha matete aliyoyafunga fundo. Fundo lilimwambia kila mkataji kwamba hapo pana kiota, apite mbali. Ikawa kazi yangu kufunga mafundo, na huwezi kufunga fundo bila kukitafuta kiota. Wiki mbili nilishinda nimeinama, matope magotini, nikimwangalia ndege niliyemdharau.

Niliporudi, swali lilikuwa lile lile. Nikasema wa kisiwani mbawa zake zimedhoofika, kwa maana huko kwao hakukuwa na paka wala mbwa wa kumkimbiza. Wetu, mbwa akitokea, yeye anakimbia juu ya maji, kisha anaruka miguu ikining'inia, na jioni amerudi kiotani. Niliyaona hayo kwa macho yangu.

"Kazi ni yako," msimamizi akasema. Furaha ilinijaa. Nilikimbia moja kwa moja kwa Cucu. Alicheka, akanipa panga nimalizie nyasi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tamani vya mbali, mwanangu, sikukatazi, lakini kijue kwanza cha kwenu, maana anayejua kimoja hana cha kulinganisha. Na shida za hapa usizilaani zote, nyingine ndizo zinazokupa mbawa. Mungu akujalie macho ya kuona kilicho karibu, na ukiruka, akurudishe nyumbani salama.