Kipimo Kilichobaki Mfukoni

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na siwalaumu, maana hata mimi nikijisikiliza huwa najitilia shaka. Kuna mtu, mume wa dada yangu mdogo, ambaye hajawahi kufunga kitu kikafungika. Bomba la jikoni kwake linavuja mwaka mzima. Chupa yake ya mafuta ukiinyanyua kwa kifuniko, unabaki na kifuniko. Mtungi wa gesi dada yangu huukaza upya yeye mwenyewe, kisha hufungua madirisha yote kabla ya kuwasha kiberiti. Wala si uvivu wa mtu huyu. Ni mkono. Mkono wake ukishakaza kitu mpaka mwisho, hukirudisha nyuma kidogo, mara mbili: ta, ta. Ndiyo maana tunamwita Rudisha-Mbili.

"Mume wangu, hiki ni kifuniko cha asali, si bunduki," dada humwambia.

"Najua."

"Sasa mbona umekirudisha?"

"Mkono ndio uliorudisha. Uulize wenyewe."

Alikuwa fundi wa silaha jeshini miaka ishirini na miwili. Mimi nilikuwa dereva wa lori kambi ileile, tena dereva ambaye lori lilikuwa likimwona linajiwasha lenyewe, lakini tuyaache hayo. Mimi ndiye niliyempeleka nyumbani kwetu akamwona dada yangu, kwa hiyo wale watoto wake wanne, ukipiga hesabu vizuri, ni jasho langu.

Watu hudhani bunduki kubwa ya rashasha unaielekeza tu, unabonyeza, inatapika. Mngemwona huyu bwana akiiandaa! Kwanza aliiweka juu ya miguu yake mitatu, akaikandamiza kwa mifuko ya mchanga, kisha akaisukuma kwa goti kama mtu anayejaribu meza kama inayumba. Akavuta nyuma mkono wa chuma wa bunduki, akachungulia ndani kama kuna risasi iliyosahaulika. Jicho halikumtosha, akaingiza na kidole. "Jicho huona linalotaka kuona," alikuwa akituambia. "Kidole hakina upendeleo." Halafu mtutu: anauzungusha mpaka ugome, anaurudisha, ta, ta.

Hapo ndipo alipotoa kipimo mfukoni. Kibati cha chuma, si kikubwa kuliko ufunguo wa mlango. Ncha moja lazima iingie kwenye mwanya ulio nyuma ya mtutu, na ncha ya pili lazima ikatae. Sisi tulikiita Ndiyo-na-Hapana. Mwanya ukizidi hata unene wa ukucha, risasi inaweza kupasukia ndani, mbele ya uso wa mpigaji. Mwisho kabisa aliupapasa mkanda wa risasi moja baada ya moja, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, kisha akasema neno moja tu: "Tayari." Akishalisema, hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Mpigaji wake tulimwita Mluzi. Huyo alipokuwa akipiga mluzi, ndege walinyamaza kwa kuona aibu. Wimbo mzima aliutoa, na kiitikio chake, huku anafua soksi.

Ikaja siku ya maonyesho. Wakubwa wamekaa chini ya turubai, viatu vinang'aa kuliko vikombe vya chai. Mtutu wa kwanza ukapata moto, ukatolewa. Rudisha-Mbili akaingiza wa pili, akaukaza, akaurudisha, akasema, "Tayari." Risasi ya kwanza ikapasukia ndani.

Mluzi hakufa. Alichanika mdomo wa juu mpaka karibu na pua, akashonwa. Anakula vizuri, anazungumza vizuri, na ukimchokoza anatukana vizuri zaidi. Lakini tangu siku ile akikunja midomo hutoka upepo tu.

Sasa nisikilizeni. Mbele ya maofisa waliochunguza ajali, nilisimama nikasema kosa ni langu: nilimchekesha fundi alipokuwa anahesabu zile ta, ta zake, akasahau kupima. Nilitaka kumpunguzia mzigo. Mimi nikaosheshwa vyoo mwezi mzima, yeye akahamishiwa stoo, yakaisha. Ila mimi sikuyaacha yaishe. Miaka kumi na tisa nimekisimulia kisa kile penye watu watatu na penye watu mia. Mzaha wenyewe umebadilika mara sita, na kila ukibadilika unachekesha zaidi. Mpaka Mluzi mwenyewe umemfikia.

Huyo Mluzi siku hizi ana karakana ya kutengeneza pampu za maji, nyuma ya soko. Wateja wamejaa, na anatafuta mtu wa kukagua kila pampu kabla haijatoka. Mara tatu amenituma. "Mwambie Fundi aje. Namtaka yeye. Najua aliponzwa na mdomo wako, mimi sina kinyongo naye." Mara ya tatu akaongeza: "Mwisho Ijumaa. Asipotokea, namchukua mwingine, na sitamwita tena."

Rudisha-Mbili akasema haendi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya huyu yameshaota mvi. Tangu astaafu amekaa barazani, Ndiyo-na-Hapana imefungwa pamoja na funguo zake za nyumba, anaisugua kwa kidole gumba mpaka ikawa kama sarafu kuukuu.

Basi Alhamisi mchana nikachukua daftari, nikakaa mezani kwao, nikaandika kisa chote ili nimsomee, alainike. Nilipofika kwenye ajali nikapandisha sauti:

"Hapo ndipo nilipomtupia mzaha wangu, naye akacheka mpaka akashika mbavu, kipimo kikamponyoka kikaang—"

"Shemeji." Alikuwa ameweka kiganja juu ya daftari. "Sikucheka."

"Ulicheka. Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwa ndani ya lori umelala, kofia usoni. Uliamshwa na mlipuko."

Dada yangu akaacha kukunja nguo.

"Kipimo kilikuwa mfukoni," akasema Rudisha-Mbili. "Na mkono ulikuwa umeshakishika. Nikanyanyua macho, nikamwona mkubwa mmoja chini ya turubai anatazama saa yake. Hakusema kitu. Alitazama saa tu. Nikaona haya kuwangojesha watu wazito kama wale kwa ajili ya kijichuma hiki. Nikasema tayari."

"Na mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshasema wewe. Uongo wako ulikuwa na kivuli kizuri, nikajikalia. Sasa Mluzi amenisamehe kosa ambalo sikulifanya. Nililolifanya hajawahi kuambiwa. Niende kwake kupokea nini, Shemeji?"

Mimi, ambaye mdomo haujawahi kunikwama hata mbele ya jaji, nililivuta daftari nikalifunga. Maana ni kweli nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimulia kicheko kile mara nyingi hivi kwamba nilishaanza kukikumbuka.

"Kesho Ijumaa," dada yangu akasema, bila kumtazama yeyote kati yetu.

Tulikwenda asubuhi. Mluzi alikuwa amepiga magoti mbele ya pampu, grisi mpaka viwikoni. Rudisha-Mbili hakungoja hata salamu imalizike. Alimwambia yote, akiwa amesimama, funguo mkononi: mfuko, turubai, ile saa.

"Saa?" Mluzi akauliza.

"Saa."

Mluzi akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, muda mrefu. "Mimi ningekungoja, Fundi. Hata mpaka jioni. Nyuma ya ile bunduki nilikuwa nimekaa mimi, si yule mwenye saa."

"Najua."

"Na huyu bingwa wako wa vichekesho?"

"Alikuwa amelala."

Mluzi akanitazama, nikatazama dari. Kama alisema amesamehe, mimi sikusikia, na masikio yangu ni mazima. Alichofanya ni kuisogeza ile pampu kwa mguu. "Hii inatoka leo. Ikague."

Rudisha-Mbili akachuchumaa. Alipokaza nati ya kwanza aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, ili usirudi. Hivyohivyo ya pili. Hivyohivyo zote. Mwenye pampu alikuwa mlangoni; akakohoa, akatazama saa. Shemeji yangu akaiona ile saa. Kisha akaanza upya, kutoka nati ya kwanza.

"Ngoja," Mluzi akamwambia mteja. "Hapa watu wanangoja."

Ilikaribia adhuhuri aliposema, "Tayari." Hapo Mluzi, nawaapieni, akakunja ile midomo yake yenye mshono, na mluzi ukatoka, mwembamba, safi, uleule wa kambini, mpaka wauzaji sokoni wakaacha mizani zao wakak—

"Shemeji," anasema huyu aliyesimama nyuma ya kiti changu anasoma. "Ulikuwa upepo."