Mluzi wa Kunywesha Gari

Juzi, tulipofika Mkiwa, heta ya gari langu ilipuliza baridi, na mdogo wangu Elia akashuka kufungua boneti. Nikakumbuka alasiri tuliyomtoa hospitali Manyoni akiwa na siku mbili, heta ya gari la baba ikipuliza baridi vilevile, naye analia ndani ya khanga za mama.

Baba alisimamisha gari, akasubiri injini ipoe, akafungua rejeta. "Maji yamepungua. Joto litatoka wapi?"

Aliwasha injini, akamimina maji ya dumu polepole. Mapovu yakatoka kwa mlio wa ng'ombe anayekunywa, nami nikapiga mluzi, kama babu alivyowapigia ng'ombe wake kisimani ili wanywe washibe. Mama hakutaka kabisa mtoto wa kike apige mluzi. Lakini harufu ya vumbi lililopata moto ilipoanza kutoka kwenye heta, na mtoto akanyamaza, mama mwenyewe alisema, "Usiache, mwanangu."

Kwa miaka niliamini gari lilikunywa kwa sababu ya mluzi wangu. Sasa najua mlio ule ulikuwa wa hewa tu, ikitoka kwenye mipira ya maji.

Hata hivyo, Elia alipoinua dumu nilijikuta napiga mluzi. Hakugeuka.

"Dada," alisema, "usiache."