Tumbo Lililonyamaza

Mama aliyekuwa akituuzia lituma pale Lubunga, ufukoni ng'ambo ya mto, amefariki, na tumekwisha kumzika. Nasema "akituuzia" kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma safu hii mmewahi kula ndizi zake zilizopondwa, mkisubiri mtumbwi upate abiria ndipo uvuke kuja mjini. Mimi nilikuwa mteja wake kwa miaka mingi. Hatukuwa ndugu, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana sikukuu. Alikuwa mtu wa njiani tu, ambaye siku asipokuwepo unajikuta unaulizia. Habari zilinikuta kazini. Niliweka kalamu chini nikashindwa kuendelea, na niliumia kuliko nilivyotegemea. Aliuawa na tumbo, na hilo ndilo linalonikereketa hadi leo, maana kama kuna kitu ambacho mtaa wake wote uliamini kwamba yeye anakiweza, ni tumbo.

Nyumba nyingi za mji wetu zina ile poire, bomba dogo la mpira linaloning'inia kwenye msumari karibu na sufuria. Mtoto akilia tumbo, anashikwa, analazwa, anapigwa maji ya vuguvugu kupitia nyuma, yamechanganywa na majani, tangawizi, na kwa walio wakali hata pilipili. Tumbo kwetu ni kitu cha kusafishwa, kama chungu. Na marehemu ndiye aliyekuwa akiitwa, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na maneno yake yalikuwa matamu. Watoto wakimwona na beseni walikuwa wanatoka mbio. Hata mimi sikupona. Siku moja nilisimama mezani pake nikisukuma chakula huku na huku, akaniangalia akasema, "Papa ya gazeti, tumbo imefunga?" Nikajaribu kukataa. "Weye ni mutu ya masomo, lakini tumbo haijue masomo. Kuya nyuma ya nyumba." Nilikwenda, nikatoka nikiwa mtu mpya, na tangu siku hiyo kila aliponipakulia aliniuliza mbele ya wateja wote, "Njia iko wazi?" Nilimchukia kidogo kwa hilo. Leo ningetoa chochote nimsikie tena akiniuliza.

Yaliyotokea mwishoni nilisimuliwa kwenye matanga na binti yake mkubwa, mwanamke mzima aliyekuwa akipika naye. Mama alianza kuumwa karibu na kitovu. Hakutaka kula, akatapika, akasema ni samaki wa jana. Akachukua poire yake mwenyewe, binti akamsaidia. Maumivu hayakuondoka, yalihama tu, yakashuka chini upande wa kulia na kukaa pale pale. Akawa anatembea ameinama, ameshika ubavu, na akikohoa anakunja uso. Wakarudia poire, safari hii na majani makali zaidi. Mwishowe binti alimlazimisha kwenda kituo cha afya cha pale mtaani. Muuguzi alimkandamiza tumbo polepole upande ule wa kulia, kisha akaachia mkono ghafla, na kule kuachia ndiko kulikomfanya mama alie. Muuguzi hakuzungukazunguka. Alisema hiki ni kidole tumbo, kile kiutumbo kidogo kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kimevimba, hakuna dawa ya majani wala ya maji, na ni lazima wavuke leo hii mama akapasuliwe. Akawakataza wasimpe poire tena.

Walirudi nyumbani kuchukua nguo. Na hapo, wakati kitambaa cha mzigo kimetandazwa kitandani, maumivu yakakoma. Yalikoma yote, kwa mara moja. Mama alikaa, akajinyoosha, akacheka, akaomba chai. Majirani waliitwa, wakaimba wimbo wa shukrani, na mmoja akasifu yale majani makali kwamba hatimaye yamefanya kazi. Muuguzi alipopita kuuliza kama wamekwisha kuvuka, aliwakuta wanakula.

"Mama, asubui ulikuwa unatembea umeinama," alimwambia. "Maumivu ikiisha mbio hivi, miye naogopa. Tuende."

"Donc unataka nivuke mto juu ya tumbo ambayo haiko inauma?"

"Ndiyo, mama. Juu ya ile kuacha kuuma njo nataka uvuke."

"Bon, kesho. Leo nimechoka. Mungu ameshasaidia, usimukatize."

Binti aliniambia kwamba yeye pia alimwambia muuguzi aende zake, kwa upole. Nani angefanya vingine? Mama yako anacheka, ana kikombe mkononi, na mtu anataka kumpeleka akachanwe kisu. Kumbe kile kidole kilikuwa kimepasuka. Kikipasuka, mkazo wa ule uvimbe unalegea na mgonjwa anapata nafuu kwa kitambo, huku usaha unasambaa ndani. Tumbo lilianza kuvimba, likawa gumu kama ubao, na homa ikapanda. Walivuka siku iliyofuata, na wapasuaji walijitahidi, lakini mama alikuwa amecheleweshwa mno.

Sitamlaumu mtu. Ninachokitafakari ni sisi wenyewe, na jinsi tunavyopenda kelele ziishe. Mfanyakazi aliyekuwa akilalamika akinyamaza, tunasema ametulia. Mke akiacha kugomba, mume anawaambia wenzake kwamba nyumba imepona. Hatuulizi kitu gani kimekatika ndani. Na kwa tumbo tuna kosa jingine tena: hatuulizi lilianzia wapi na limehamia wapi. Tunaita malaria, tunaita uchafu, tunashika poire. Mwanamke aliyeaminiwa na mtaa mzima aliondoka akishukuru kwa dalili mbaya kuliko zote, na nasikia huzuni kubwa kwamba furaha yake ya mwisho ilikuwa hiyo.

Baada ya maziko, jirani mmoja alimleta binti yake mdogo nyumbani kwa marehemu, kwa mazoea tu, maana hakujua pengine pa kumpeleka. Mtoto alikuwa analia tumbo. Nilikuwepo, nimekwenda kutoa pole zangu za mwisho. Binti wa marehemu hakugusa beseni. Alipiga magoti, akamwuliza mtoto lilianza kuuma wapi, na mtoto akaonyesha kitovu. Na sasa? Akaonyesha chini, kulia. Akamwambia akohoe kidogo, na mtoto akajikunja. Mwanamke yule aliinuka, akavaa kandambili, akatuambia tunaelekea ufukoni. Kwenye mtumbwi mtoto alilia bila kupumzika, kila wimbi dogo lilimtonesha, na mama yake kwa aibu mbele ya abiria akawa anamziba mdomo na kumbembeleza anyamaze.

"Umuache, yaya," binti wa marehemu alimwambia yule mama, kama anayemwambia dada yake, akautoa ule mkono mdomoni mwa mtoto. "Muache alie mupaka tufike. Akinyamaza, njo tutaogopa."

Mtoto alipasuliwa siku ile ile, na yuko nyumbani.